Darasa Lenye Ufunguo

Wiki chache kabla ya kumzika mama yake, Tunu alinipigia simu shuleni, wakati wa mapumziko ya asubuhi, akazungumza nami kwa Kiswidi. Hilo halikunishangaza, kwa kuwa tangu utoto wake hatukuwa na lugha nyingine. Alisema mama yake alianguka jikoni, kwamba yuko hospitalini tangu wiki iliyopita, upande wa kulia umelala, na kwamba Kiswidi chote kimemtoka. Madaktari walikuwa wamemweleza kuwa mambo hayo hutokea: mtu akipata kiharusi, lugha aliyojifunza ukubwani huweza kupotea na ile ya utotoni ikabaki. "Anaongea siku nzima," Tunu aliniambia, "na mimi simwelewi. Manesi wanadhani namwelewa kwa sababu ni mama yangu. Nakaa pale naitikia kwa kichwa tu. Unaweza kuja, mjomba?" Katika maneno yote hayo, neno "mjomba" peke yake ndilo alilolitamka kwa Kiswahili. Nilirudisha simu mahali pake, nikasimama kitambo katika chumba cha walimu na kikombe cha kahawa iliyopoa, kisha kengele ikalia nikaenda kufungua mlango wa darasa langu. Watoto walikuwa wamejipanga ukutani wakivuana kofia. Niliingiza ufunguo kwenye kitasa, na mkono wangu, ambao umeufungua mlango huo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kuhesabu, ulisita.

Nitaeleza hapa jinsi nilivyoupata ufunguo huo. Ulikuwa mwaka ambao treni ya chini ya ardhi ilifika kitongoji cha Akalla, mwisho wa reli. Habari za kwetu na za safari iliyonileta Stockholm nitaziacha; inatosha kusema kwamba nililetwa kujifunza ufundi wa simu, mafunzo yakaisha, nami nikabaki. Nilikuwa nimepita umri wa miaka thelathini, nimepanga chumba Sundbyberg, na mchana nilipanga makasha katika ghala la vifaa vya umeme. Jioni nilisoma masomo ya watu wazima, nikikalia madawati yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto. Jumamosi nilikwenda Hallonbergen, kwa Mama Tunu. Jina lake hasa lilikuwa Zainabu, mtu wa Tanga, naye aliniita kaka kana kwamba tulinyonya ziwa moja, ingawa yeye alikuwa Mwislamu na mimi nilibatizwa Elia. Mumewe alikuwa amerudi nyumbani na hakuandika tena. Mama Tunu alifanya kazi katika kiwanda cha mikate, alimlea Tunu peke yake, na jiko lake ndilo lililokuwa ubalozi wetu wa kweli.

Nikilikumbuka jiko lile, harufu ndiyo hutangulia. Iliki haikuwa taabu kupatikana, kwa maana Waswidi wenyewe huitia kwenye maandazi yao, na Mama Tunu alisema hicho ndicho kitu cha kwanza kilichomfanya aamini kuwa wao pia ni watu. Binzari nyembamba ndiyo iliyomshinda. Ile aliyoiona dukani, iliyofanana nayo kwa sura na, kwa Kiswidi, karibu kwa jina, ilikuwa ya kutiwa kwenye mikate, na pilau yake ya kwanza katika nchi hii ilitoka na ladha ya mkate mweusi. Mutiso, Mkamba wa Machakos aliyekuja kusomea uhandisi na akaishia kuendesha mitambo ya kupasha joto majumba, hakumwacha aisahau. "Mama Tunu," alikuwa akisema kila Jumamosi akikaribia sufuria, "leo umepika chakula ama umeoka?" Naye humjibu bila kugeuka, "Nimepika. Lakini wewe nenda kasubiri kwenye duka la mikate." Tunu, aliyekuwa na miaka sita wakati huo, alicheka pamoja nao, kisha akasema la kwake kwa Kiswidi. Kila alipofanya hivyo palipita ukimya mdogo mezani, mfupi kama pumzi, halafu mazungumzo yakaendelea.

Ukimya ule ndio uliozaa darasa la Jumamosi. Chini ya jengo lao kulikuwa na chumba cha mikutano cha wapangaji, ukuta kwa ukuta na chumba cha kufulia nguo. Tulikiomba, tukapewa, na humo nikaanza kuwafundisha watoto wa Kitanzania na wa Kikenya, pamoja na kijana mmoja wa Kikongo ambaye alikuwa akihamia Kifaransa pale alipochoka. Mashine za kufulia zilinguruma upande wa pili, sabuni ikanukia, na mimi nikaimba silabi. Sikuwa na ujuzi wowote wa ualimu. Nilikuwa na chaki, sauti, na mchezo mmoja ambao naona mpaka leo kwamba ndio uliokuwa na maana kuliko yote. Kabla ya kuondoka, kila mtoto alizunguka chumba akimwamkia kila mtu mzima: shikamoo, shikamoo, shikamoo. Sheria ilikuwa kwamba mtoto haondoki mbele ya mtu mpaka ajibiwe marahaba. Akijibiwa, anapata kipande cha chungwa. Mtu mzima aliyechelewa kujibu alisimamiwa, mtoto akimkazia macho, wengine wakicheka. Mutiso aliona taabu kubwa. "Huko kwetu hatuna hii shikamoo yenu," alilalamika. "Mtoto akiniambia hivyo naona ni kama nimezeeka ghafla." Siku nyingine aliniambia, "Na wewe mwalimu usifunze watoto wangu hiki Kiswahili cha redio. Wakikijua watakuwa wananicheka mimi baba yao." Mama Tunu, aliyekuwa akimenya machungwa, akamjibu, "Afadhali, Mutiso. Wakikucheka kwa Kiswahili, si utawaelewa?"

Tunu ndiye aliyeupenda mchezo ule kuliko wote. Alikuwa mtoto wa taratibu. Alipoamkia aliinamisha kichwa kidogo, mikono ameishika mbele, na alisubiri. Wenzake walikwenda mbio wakitafuta machungwa. Yeye alisubiri hilo jibu lenyewe. Kufikia majira ya kuchipua tulimsikia akimwomba mama yake maji kwa Kiswahili, bila kuambiwa, na Mama Tunu alinipigia simu kunieleza jambo hilo kama wengine wanavyopiga kueleza kwamba mtoto ametembea.

Ndivyo ilivyotokea kwamba wote walikuwa wameniamulia. Nchi ilikuwa imeanzisha mpango wa kuwafundisha watoto wa wageni lugha za nyumbani kwao katika shule za serikali, na pamoja nao yakaanza masomo ya chuo ya kuwaandaa walimu wa lugha hizo. Wakati huohuo ilipanuliwa kanuni iliyowaruhusu watu wazima waliofanya kazi miaka kadhaa kuingia vyuoni hata kama vyeti vyao havikuwa vya kawaida. Kwa watu wa jiko la Mama Tunu, mambo hayo mawili yalikuwa yametungwa kwa ajili yangu. "Wewe ndiye mwalimu wetu," walisema, na walipolitamka neno hilo, mwalimu, sikuweza kuwaambia kwamba mimi mwenyewe bado nilikuwa nikipima.

Kilichonielemeza upande mmoja kilikuwa jambo dogo sana. Mama Tunu aliitwa shuleni kuzungumza na mwalimu kuhusu maendeleo ya Tunu, ambaye alikuwa katika mwaka wa maandalizi, nami nikaenda naye kumsaidia lugha. Ilikuwa alasiri, watoto wengi wamekwishaondoka. Katika ukumbi tulimkuta bwana mmoja wa makamo, mwalimu wa lugha ya Kigiriki, aliyekuwa akizunguka na mkoba wake na chupa ya chai akimtafuta mtunza majengo amfungulie chumba. Nyuma yake walimfuata wavulana wawili waliokwisha kuchoka. Tulipotoka kwenye mazungumzo yetu, nilimwona amepata mahali: chumba cha kuhifadhia mbao za kutelezea kwenye theluji. Alikuwa amegeuza sanduku likawa meza. Wavulana walikalia viti vya kukunja, na mmoja akikwaruza nta iliyoganda kwenye ubao wa karibu huku akirudia herufi. Yule bwana aliniona nikimtazama mlangoni, akatabasamu, akainua mabega. Mama Tunu alisema, "Masikini, hana hata pa kuning'iniza koti." Nilijiona mimi mwenyewe pale ndani, nikiwa na umri wa miaka hamsini, na mkoba wangu, nikibisha milango ya shule tano kwa wiki.

Ofisi ya ushauri wa masomo ilikuwa na dirisha pana lenye vyungu vya maua, na mshauri alikuwa mama mwenye sauti ya upole ambaye alinimiminia kahawa kabla ya kuniuliza jina. Nilimwuliza kama kazi ya ghalani nayo huhesabiwa. "Huhesabiwa," alisema. "Kazi ni kazi." Alinieleza njia mbili zilizokuwa mbele yangu. Ya kwanza ilikuwa ualimu wa madarasa ya chini, wa watoto wanaoanza kusoma. Shahada kamili, kwa Kiswidi, na mwishoni darasa lako mwenyewe. Ya pili ilikuwa ualimu wa lugha ya nyumbani. Kwa Kiswahili, alikiri, hawakuwa wamewahi kupata mwombaji hata mmoja. "Lakini hivi vitu huanza na mtu mmoja," aliongeza. "Ukiomba, nitapata sababu ya kupiga simu na kuuliza. Siahidi kitu. Nitauliza." Kisha akaningoja, kwa uungwana wa watu wa kazi yake, ambao hawakusukumi kokote. Nilitazama maua. Nilifikiri juu ya Tunu akiomba maji. Nilifikiri juu ya chumba cha mbao za theluji. Nikasema, "Madarasa ya chini." Alitabasamu akasema nimechagua vizuri. Nimeyarudia maneno yake yale, hivi vitu huanza na mtu mmoja, mara nyingi kuliko sala yoyote niliyofundishwa. Sijui kama simu yake ingezaa chochote. Labda wangemwambia hapana, na leo ningekuwa sina hatia wala shahada. Lakini hakupiga, kwa sababu sikumpa sababu.

Sikuwaficha. Jumamosi iliyofuata niliwaeleza mezani, pilau ikiwa katikati, nikiwa nimejiandaa kulaumiwa. Mutiso aliweka kijiko chini. "Kwa hivyo umetuacha kwenye mataa," alisema, na ingawa alicheka, alikuwa hatanii. Nilianza kujitetea: kwamba mwalimu mweusi mbele ya darasa la watoto wa nchi hii ni jambo kubwa pia, kwamba watoto wetu wataniona huko na kujivunia, kwamba darasa la Jumamosi litaendelea kama kawaida. Yote hayo niliyaamini nusu. Aliyenitetea kweli alikuwa Mama Tunu. "Mwacheni kaka yangu," alisema. "Mnataka akafundishie stoo? Na awe mwalimu hasa, mwenye darasa lenye ufunguo." Aliniongezea nyama kwenye sahani, vipande vilivyokuwa vyake, nikavila. Laiti angenikasirikia. Hasira ya mtu unaweza kuipinga, ukaizoea, hata ukaisahau. Vipande vile vya nyama sijapata njia ya kuvirudisha.

Treni ikafika Akalla mwanzoni mwa kiangazi. Watu walipanda kwa ajili ya kuona tu, na sisi tulimpeleka Tunu hadi mwisho wa reli na kurudi. Katikati ya kiangazi nilikubaliwa chuoni. Majani yalipoanza kupukutika nilikuwa nimekaa miongoni mwa wasichana wa miaka kumi na tisa, ambao walinitendea kwa heshima ya kuchosha, wakinifungulia milango. Nilijifunza jinsi mtoto anavyoikamata herufi. Nilijifunza pia kupuliza filimbi ya mbao, kushona kitambaa cha mezani, na kuteleza kwenye barafu huku nimeshikilia kiti, mtu mzima mwenye mvi ya kwanza kidevuni. Nilikuwa na furaha. Siku zile niliiita uchovu, lakini ilikuwa furaha, na ni lazima niseme hivyo. Kwa kuwa posho haikutosha, nilibaki na zamu za ghalani mwishoni mwa wiki. Darasa la Jumamosi likawa mara moja kwa wiki mbili, kisha pale nipatapo nafasi. Kabla ya Krismasi chumba cha mikutano kilichukuliwa na klabu ya wachezaji karata, na hakuna aliyelalamika.

Mafunzo ya vitendo nilipangiwa shule ileile ya Tunu, na darasa lilelile la Tunu, ambaye sasa alikuwa amefikisha miaka saba na kuanza la kwanza. Niliichukua kama bahati. Mwalimu aliyenisimamia, Bi. Gunvor, alikuwa mwanamke mwema mwenye nywele fupi za kijivu, ambaye kila mtoto alimkimbilia. Asubuhi ya siku ambayo mkaguzi wangu wa chuo alikuja kukaa nyuma ya darasa, Bi. Gunvor alinivuta pembeni. "Nimesikia unafahamiana na Tunu," alisema. "Kumbuka tu kwamba hapa wewe ni mwalimu wa wote. Mkizungumza lugha ambayo wengine hawaijui, watajihisi wametengwa." Lilikuwa neno la busara. Hata leo, mimi mwenyewe nikiwasimamia vijana wa chuo, nasikia jinsi linavyosikika kuwa la busara.

Watoto waliingia mmoja mmoja, nami nikawapokea mlangoni kama nilivyofundishwa, kwa mkono na kwa jina. Tunu alikuwa wa mwisho. Alikuwa amesukwa upya, na nilitambua kwamba mama yake alimsuka hivyo kwa sababu ya siku yangu. Alisimama mbele yangu, akashika mikono, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mjomba," alisema, kwa sauti iliyosikika mpaka mwisho wa darasa. Mtoto mmoja akacheka. Mwingine akairudia, kwa mdomo uliopinda: "Shika-shika." Nilimwona mkaguzi akiinua uso. "Hej, Tunu," nilisema, salamu ya Kiswidi. "Nenda ukakae." Hakwenda. Alisimama palepale, ananitazama, hana ghadhabu wala mshangao. Alikuwa akifuata sheria niliyomfundisha mwenyewe: haondoki mtu mpaka ajibiwe. Akadhani sikusikia. "Shikamoo, mjomba." Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Lina silabi nne tu, na darasa zima lisingetengwa na kitu. "Kaa chini, Tunu," nikasema kwa Kiswidi, kwa ile sauti niliyokuwa nikijifunza, ya upole na isiyorudi nyuma. Akatazama mikono yangu, kana kwamba huenda chungwa lilikuwa huko. Kisha akaenda akakaa. Somo langu lilisifiwa. Mkaguzi alisema nina utulivu wa kipekee mbele ya watoto.

Mama Tunu alilipata jambo hilo jioni ileile, kutoka kwa mtoto, na aliponiona baadaye alilicheka. "Tunu ananiambia mjomba hana Kiswahili shuleni. Nikamwambia, shuleni ni shuleni, mwanangu, hata mimi kiwandani sina." Alikuwa ameniandalia chai ya tangawizi na maandazi yaliyovunjika, ambayo kiwanda kiliwagawia wafanyakazi. Tulikaa wawili jikoni. Tunu alikuwa chumbani akijisomea kwa sauti, akikwama, akirudia. Mama Tunu alimsikiliza kidogo, kisha akaufunga mlango. "Kaka, nina neno," alisema. "Shule wameniambia mtoto yuko nyuma katika kusoma. Wananishauri niongee naye Kiswidi nyumbani. Wewe sasa ndiye unayesomea mambo haya. Nifanyeje?"

Ningeweza kumwambia sijui. Lingekuwa jibu la kweli. Chuoni kwenyewe wahadhiri walikuwa wakibishana juu ya hilo, na baadhi yao walisema wazi kwamba mtoto aliyenyang'anywa lugha ya mama hajapewa nyingine. Lakini nilikuwa nimekaa katika kiti cha mtu anayeulizwa, na nilikuwa mwanafunzi wa miezi michache, hali ambayo humfanya mtu ajue mengi. Na tena, kama Kiswahili kilikuwa na umuhimu kiasi hicho, basi nilikuwa nimekosea mbele ya yale maua dirishani. "Labda kwa muda," nilisema. "Mpaka ashike kusoma vizuri." Alinitazama. "Kwa Kiswidi changu hiki, kaka? Cha kiwandani?" "Kwa muda tu," nikarudia. Akazungusha kikombe. "Haya," akasema. "Wewe ndiye mwalimu."

Alitii, na alitii kwa ukamilifu, kama alivyofanya kila kitu. Mwanamke yule, ambaye kwa Kiswahili aliweza kumvua Mutiso nguo mbele za watu kwa sentensi moja na akamvika tena kwa nyingine, alianza kuzungumza na mwanawe kwa maneno ya kiwandani: njoo, kula, vaa, haraka, nzuri, si nzuri. Nilisikia mabadiliko hayo Jumamosi baada ya Jumamosi, nikaona jinsi Tunu alivyoanza kumsahihisha mama yake, kwanza kwa kicheko, halafu kwa uchovu. Kusoma alishika, kufikia mwisho wa mwaka wa masomo alikuwa miongoni mwa wa mbele, na Mama Tunu aliniletea keki kunishukuru. Lakini ule muda haukuisha. Hakuna aliyetangaza kwamba umeisha, nami niliyeuanzisha sikurudi kuufunga. Walipendana, hilo sina shaka nalo. Nimewaona wakishikana mikono sokoni Tunu akiwa mtu mzima. Walipendana ndani ya maneno machache sana.

Watu husema hatia hupungua mtu akitenda mema kwa muda mrefu. Nimewafundisha kusoma watoto wengi, wa majina ya kila bara, na baadhi yao wananisimamisha njiani kunionyesha watoto wao. Kazi hii siijutii. Ningeijutia, pengine ningepata nafuu, kwa kuwa ningekuwa angalau nimelipia kitu. Ugumu wangu ni kwamba nilichagua, nikapata nilichokichagua, na kikawa kizuri.

Nilikwenda hospitalini siku ileile aliyonipigia, baada ya kuwaaga watoto na kufunga darasa. Tunu alikuwa amekaa kwenye dirisha, koti mapajani. Mama Tunu alikuwa ameegemezwa mito, mdomo umepinda upande mmoja, lakini aliponiona macho yake yalikuwa yaleyale ya jikoni. "Kaka Elia! Umepotelea wapi wewe?" Maneno yalitoka polepole, yametulia, ya Tanga kabisa. Nilivuta kiti, nikamwuliza hali. "Hali nzuri. Ila hawa watu wananisemesha Kiswidi, kaka. Waambie sikijui." Nikamwambia, "Ulikuwa ukikijua, dada." Akashangaa kweli. "Mimi? Nilijifunzia wapi?" Halafu akanisogelea kwa kichwa, kama mwenye siri. "Huyu nesi aliyekaa dirishani ni mwema sana. Anakuja kila siku, hata siku ambazo hakuvaa sare. Ananishika mkono. Lakini hasemi neno. Mwambie ahsante."

"Anasema nini?" Tunu aliuliza.

Nilimwambia kwa Kiswidi kwamba mama yake anamshukuru kwa kuja kila siku. Kila neno lilikuwa la kweli, na nilijua nimefanya tena jambo lilelile la zamani. Tunu alinitazama kwa muda. Ana macho ya mama yake. "Ananijua?" aliuliza. "Mwamkie," nikasema. "Lile neno. Unalikumbuka."

"Lile usilolijibu," alisema. Alilisema bila uchungu, kama mtu anayetaka kuhakikisha tunazungumzia kitu kimoja.

"Hilo," nikasema.

Aliweka koti kando, akaja hadi kitandani, akasimama. Alishika mikono mbele na kuinamisha kichwa, mwanamke mzima aliyevaa viatu vya kazini, na kwa matamshi ya mgeni akasema, "Shikamoo, mama." Kisha akasubiri.

"Marahaba," alisema Mama Tunu mara moja. Akamtazama, na kutazama huko kukawa kurefu. "Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Mwanangu ni neno ambalo mama wa Tanga angeweza kumwambia msichana yeyote wa umri ule, hata nesi. Sikujua alikuwa akimwambia nani, na mpaka sasa, yeye akiwa kaburini, sijui. Tunu aligeuka kwangu. Nilimweleza kwamba anaulizwa kama amekula. Alifikiri kidogo. "Hapana," alisema, "tangu asubuhi. Nimwambieje?"

Nikamfundisha. Alilirudia mara moja kwangu, kwa sauti ya chini, kisha akamgeukia mama yake. "Bado, mama."

Mama Tunu alipapasa kwa mkono wake mzima kwenye meza ndogo ya kitandani, akaisukuma sahani ya hospitali ambayo hakuwa ameigusa. "Basi kaa ule."

Sikutafsiri. Tunu alikuwa amekwisha kuvuta kiti.